Akishakimbia, atarudi wapi?

*Nyumba salama za mkoani Mara huwapokea wasichana wanaokimbia kisu cha ngariba na wanawake wanaokimbia kipigo cha waume zao. Kuwaficha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ina jina: ng'ombe.*

Shule zikifungwa Desemba, wasichana wa miaka 11, 12 na 13 katika vijiji vya Wakurya mkoani Mara huanza kusikiliza kwa makini mazungumzo ya wakubwa. Nani amekuja kumwona baba. Wazee wa ukoo wamekaa wapi. Kwa nini mama amenunua kitenge kipya na hasemi ni cha nani. Mwaka ukiwa ule unaogawanyika kwa mbili, ambao kimila ndio mwaka wa kukeketa, hawangoji kuambiwa.

Anayekataa ana njia moja tu: kuondoka kabla hakujapambazuka. Hana nauli wala simu. Ana gauni alilolalia, kanga ya mama yake mabegani, na ndala alizozibeba mkononi, maana ndala hupiga kelele zikigonga kisigino na mbwa wa jirani hawalali. Atakwenda kwa mwalimu wake, kwa mchungaji, au kituo cha polisi kilicho umbali wa saa kadhaa kwa miguu. Wanaotoka vijiji vya Serengeti hupita porini, penye fisi.

Mwishoni mwa safari hiyo, kwa aliyebahatika, kuna nyumba yenye kitanda, chandarua, uji wa asubuhi na mtu mzima asiyemuuliza kwa nini amewaaibisha wazazi wake. Watu wa Mara huiita nyumba salama.

Aliyejua njia hiyo

Mwanamke anayetajwa zaidi nyumba hizi zinapozungumzwa ni Rhobi Samwelly. Alikeketwa akiwa na miaka 13, akavuja damu mpaka akazimia, na familia yake ilidhani imempoteza. Alikwenda kwenye kisu akijua kinachoweza kumpata: rafiki yake alikuwa ametangulia kufa kwa jambo hilohilo, na mwili wake haukuzikwa. Ulitupwa porini, kama mila ilivyoelekeza kwa anayefia kwenye tohara.

Samwelly ameisimulia habari hiyo hadharani mara nyingi, mbele ya wazee, askari na wanafunzi. Aliwahi kuiongoza nyumba salama ya Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, iliyokuwa chini ya Kanisa Anglikana. Mwaka 2017 alianzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania na kufungua nyumba Butiama, wilaya aliyozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere. Baadaye shirika hilo likawa na nyumba mbili, moja Butiama na nyingine Mugumu. Kazi yake ilionyeshwa mwaka 2018 katika filamu ya Giselle Portenier, *In the Name of Your Daughter*.

Si shirika lake peke yake. Huko Tarime kituo cha Masanga kimekuwa kikiwapokea wasichana kwa kambi za msimu wa ukeketaji kwa miaka mingi. Lakini mkoa ni mpana, na Desemba wasichana hawaji mmoja mmoja. Wanakuja kwa makundi, wengine wamechubuka miguu, wengine wakiwa na wadogo zao mgongoni.

Wengi waliosikia habari za nyumba hizi wanadhani ni za ukeketaji tu. Ndivyo zilivyojulikana, na ndivyo wafadhili wanavyozifahamu. Ukweli ni kwamba mlango huohuo hugongwa mwaka mzima na wengine: mwanafunzi aliyeozwa, mtoto aliyebakwa na ndugu, mke aliyevunjwa mkono. Makala hii inawahusu hasa hao wa mwisho, kwa sababu ndio wasiopigiwa picha.

Kamba moja, ng'ombe walewale

Ukitaka kuelewa kwa nini msichana anayekimbia kisu na mke anayekimbia fimbo hukutana chini ya paa moja, fuata ng'ombe.

Kwa Wakurya, kama kwa makabila mengi ya wafugaji, mahari ni ng'ombe. Binti aliyekeketwa anahesabiwa kuwa amekua, na mahari yake huwa kubwa. Ambaye hajakeketwa ni msagane, neno linalotamkwa kwa dharau na linaloshusha thamani yake mbele ya wakwe. Ngariba hulipwa kwa kila kichwa, na wazee wa mila hupata fungu lao. Binti akishakeketwa, mchumba hachelewi, hata kama alikuwa darasa la sita.

Sasa tazama ng'ombe wale wanakokwenda. Hawakai zizini kwa baba. Kaka wa binti huyo naye anataka kuoa, na ng'ombe wa dada yake ndio watakaokwenda ukweni kwake. Baba mdogo anadai wake. Mjomba anadai wake. Mwaka hauishi, mahari ya msichana mmoja imekwisha tawanyika katika miji minne au mitano.

Siku binti huyo anapokimbia kipigo cha mumewe na kurudi kwa wazazi usiku, jicho limevimba na mtoto yuko mgongoni, hakuna wa kumwonea huruma bila kupiga hesabu. Mume atakuja kudai ng'ombe wake. Ng'ombe wenyewe wamekwisha kuwa mke wa kaka. Kumpokea dada ni kuivunja ndoa ya kaka, na mke wa kaka ameketi palepale jikoni, anasikia kila neno.



Kwa hiyo anaambiwa maneno ambayo kila msomaji wa Kiswahili ameyasikia mahali fulani: ndoa ni uvumilivu, mbona mama yako alivumilia, rudi ukalee watoto wako. Asubuhi anasindikizwa na shangazi mpaka kwa mumewe. Wanaomsindikiza si watu wabaya. Wanampenda. Wamefungwa na deni wasiloweza kulilipa, na mwili wake ndio unaolipa riba.

Ndiyo maana nasita ninaposikia kwamba tatizo la Mara ni elimu tu. Elimu inahitajika, lakini wazazi wengi wanajua kabisa kwamba kumpiga mke ni kosa na kwamba kukeketa ni kosa. Wanajua pia idadi ya ng'ombe.

Kuna jambo la kando linalofundisha mengi. Wakurya wana ndoa iitwayo nyumba ntobhu: mwanamke mwenye umri mkubwa asiye na mtoto wa kiume anamwoa mwanamke mdogo kwa mahari, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Desturi hiyo ni ya zamani, na shabaha yake ilikuwa urithi. Siku hizi wapo wanawake wanaoichagua kwa sababu nyingine, na wanaisema wazi: katika nyumba hiyo hakuna mwanamume wa kuwapiga. Si pepo. Wapo mabinti wadogo waliotolewa kwa ndoa hizo bila kuulizwa, ng'ombe wakapokewa na baba. Lakini fikiria mwanamke anayeichagua ndoa kwa kigezo kwamba hatapigwa.

Takwimu zinazouma mara mbili

Mara haiko peke yake. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2005 ulikuta kwamba asilimia 41 ya wanawake wa Dar es Salaam waliowahi kuwa na mwenza walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza wao. Mkoani Mbeya ilikuwa asilimia 56.

Miaka kumi baadaye, Utafiti wa Taifa wa Demografia na Afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa tangu watimize miaka 15. Katika utafiti wa 2022 idadi ilishuka hadi 27. Kushuka huko ni habari njema na tusiione kuwa ndogo. Hata hivyo, ni zaidi ya mwanamke mmoja katika kila wanne.

Takwimu iliyonikaa kichwani ni nyingine. Katika utafiti ule wa 2015-16, waliohojiwa waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu kama vile kuunguza chakula, kutoka bila kuaga au kumjibu. Asilimia 58 ya wanawake walikubali angalau sababu moja. Kwa wanaume walikuwa asilimia 40.

 

Wapo wanaoitumia takwimu hiyo kuwacheka wanawake. Mimi naisoma hivi: mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba hana pa kwenda, hujifunza kuliita jambo lisiloepukika kuwa haki. Nyumba salama ni mahali pa kwanza ambapo wengi wao wanasikia kinyume chake kutoka kwa mtu anayewapa chakula.

Sheria ipo, mlango haupo

Tanzania si nchi isiyo na sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kwa mwaka ule, kilikuwa kifungu cha mbele ya wakati. Ila hakitaji adhabu. Mke aliyepigwa anarudishwa kwenye makosa ya kushambulia na kujeruhi ya Kanuni ya Adhabu, sawasawa na aliyepigwa na mlevi kilabuni.

Tofauti ni kwamba aliyepigwa kilabuni halali usiku huo na aliyempiga.

Hapo ndipo penye pengo. Kenya ilipitisha sheria yake ya kuwakinga watu na ukatili wa majumbani mwaka 2015. Uganda ilikuwa nayo tangu 2010. Sheria za namna hiyo zinamruhusu hakimu kumwamuru mwenye kupiga akae mbali na aliyepigwa kabla hata kesi haijaisha. Sisi Tanzania Bara hatuna sheria mahususi ya namna hiyo. Kwa hiyo anayehama nyumba ni aliyepigwa, na watoto na sufuria mbili.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya ukeketaji kuwa kosa, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitano na kisichozidi 15. Lakini inamlinda aliye chini ya miaka 18 tu. Mwanamke aliyeolewa akiwa na miaka 20, kisha wakwe wakamlazimisha akeketwe, haimtaji. Na Sheria ya Ndoa ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, jambo ambalo mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda kulipinga mahakamani. Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwaka 2016, serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Upande wa utekelezaji, madawati ya jinsia na watoto yameenea katika vituo vya polisi zaidi ya 400, na baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono, ambako mwathirika anapata daktari, askari na ofisa ustawi wa jamii pamoja. Ni hatua kubwa. Askari wa dawati mwenye moyo ameokoa wengi.

Tatizo linakuja saa kumi na moja jioni. Fomu ya polisi ya PF3 imejazwa, daktari ameshona jeraha, maelezo yameandikwa. Mwanamke amesimama nje ya kituo na watoto. Askari hana chumba cha kumlaza. Ofisa ustawi hana fungu la nauli. Wanapiga simu nyumba salama, inayoendeshwa na shirika lisilo la kiserikali kwa michango ya watu wa mbali. Penye nyumba hiyo, wana wa kumpigia. Katika wilaya nyingi za nchi hii, simu hiyo haina wa kuipokea.

Barabara zisizokuwa kwenye ramani

Niseme kidogo kuhusu ramani, kwa sababu ni kazi ya werevu na haijulikani inavyostahili. Miaka ya nyuma simu ikipigwa usiku kwamba msichana fulani, kitongoji fulani, atakeketwa alfajiri, waokoaji na askari walikuwa na gari lakini hawakujua njia. Vijiji vingi havikuwamo kwenye ramani yoyote.

Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map umewakusanya maelfu ya watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali. Kwenye kompyuta zao wanazitazama picha za setilaiti na kuchora nyumba na njia za vijiji vya Tanzania katika ramani huria ya OpenStreetMap. Majina hawawezi kuyaona angani, hivyo wanavijiji wenyewe, waliopewa simu janja na mafunzo, huyaongeza: hapa zahanati, hapa shule, hapa panaitwa hivi. Wanavijiji haohao wilayani Serengeti ndio wanaotoa taarifa za ukatili. Mama wa kijijini akiwa na simu yenye chaji sasa anaweza kumwelekeza dereva wa polisi mpaka kwenye boma lenyewe.

Siku ya kurudi

Msimu ukipita, nyumba salama hufanya kitu ambacho watu wa nje hukielewa kwa shida: huwarudisha wengi nyumbani.

Wazazi huitwa. Hukaa meza moja na askari wa dawati, ofisa ustawi wa jamii na uongozi wa nyumba. Baba ambaye wiki chache zilizopita alikuwa akimtafuta binti yake kwa fimbo anaelezwa sheria, kisha anawekewa karatasi inayosema hatamkeketa wala hataruhusu akeketwe. Anatia saini, au anabonyeza dole gumba kwenye wino. Binti amekaa pembeni na mfuko wa nguo alizopewa. Wengine hukimbilia kumkumbatia mama. Wengine hutazama kwanza uso wa baba, muda mrefu.

Wanaobishania jambo hili wana hoja pande zote. Wapo wanaosema ni hatari kumrudisha mtoto kwa watu waliokuwa tayari kumkata, na kwamba saini haiwezi kumzuia bibi au shangazi atakayemchukua akiwa likizoni. Wapo wanaosema, na wengi wao ni wazee wa ukoo, kwamba nyumba hizi zinavunja familia, zinawafundisha watoto kiburi, na kwamba mambo ya ndani yamalizwe ndani. Na wapo wafanyakazi wenyewe, wanaojua kwamba mtoto anayekulia kwenye kituo miaka kumi hupoteza ukoo, lugha ya nyumbani na mahali pa kuzikwa.

Hoja ya wazee siikubali. Familia haivunjwi na mlango alioukimbilia mtoto. Ilivunjika siku alipolazimika kukimbia usiku. Lakini hofu yao ya kupoteza watoto ni ya kweli, na shirika lililoipuuza lisingedumu Mara hata mwaka mmoja. Kumrudisha mtoto ni sahihi kwa sharti moja: awepo mtu wa kwenda kumwona. Si mara moja. Aende kabla ya Desemba, aende baada ya Desemba, amkute shuleni, amuulize wakiwa peke yao. Bila mtu huyo, karatasi ile ni karatasi. Na mtu huyo anahitaji mafuta ya pikipiki.

Kwa mke hali ni ngumu zaidi. Hakuna karatasi inayomrudisha vizuri. Akirudi kwa mume, kesi hufa, maana shahidi ni yeye. Akirudi kwa wazazi, ng'ombe. Akitaka kujitegemea, ardhi ni ya mume na ukoo wa mume. Nyumba salama huwafundisha kushona, na cherehani ni kitu cha maana, ila cherehani inahitaji chumba cha kupanga, na chumba kinahitaji kodi ya miezi kadhaa mkononi.

Halmashauri zina mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, na katika hiyo asilimia nne ni ya wanawake. Hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Mwanamke aliyekimbia ameacha kikundi chake kijijini, pamoja na akiba yake. Mkopo uliokusudiwa mtu kama yeye unampita kwa sababu hana wenzake wanne wa kuandika majina nao. Kurekebisha hilo hakuhitaji mfadhili wala Bunge. Wanawake watano waliomo katika nyumba moja salama wakitambuliwa kuwa kikundi, wametosha.

Nani alipe uji?

Serikali ilizindua mwaka 2016 mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, uliolenga kupunguza ukatili kwa nusu katika miaka mitano na kuunda kamati mpaka ngazi ya kijiji. Kamati ni nzuri. Lakini kamati hailazi mtu.

Kila mwaka, Novemba 25 hadi Desemba 10, tunaadhimisha siku 16 za kupinga ukatili. Tunavaa fulana, tunaandamana, viongozi wanahutubia. Mwaka wa kukeketa ukifika, siku hizo zinaangukia juu ya msimu wenyewe. Hotuba zinasomwa mjini wakati magodoro yanabananishwa sakafuni Butiama na Mugumu, na wapishi wanaongeza maji kwenye sufuria.

Nyumba inayofanya kazi ya polisi, ya ustawi wa jamii na ya mzazi kwa mpigo haipaswi kusubiri michango ya nje ili iwashe jiko. Madiwani wa Mara, bajeti ya halmashauri inaanzia mikononi mwenu. Wekeni humo fungu la nyumba salama, chakula na mafuta ya kuwafuatilia waliorudishwa, na fungu hilo litoke kabla ya Desemba. Wabunge, leteni sheria itakayomwondoa nyumbani mwenye kupiga na si aliyepigwa.

Nawe msomaji, uwe Tarime au Tandika, ukisikia mtoto analia kilio kisicho cha kawaida ukutani kwa jirani, piga 116. Ni namba ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Kwa mke wa jirani, nenda dawati la jinsia la kituo kilicho karibu, mchana au usiku. Usingoje yeye aje kukuomba.